Kichanga ana uvimbe shingoni: namna ya kuuchunguza kabla ya kuandika antibayotiki

Juzi tabibu mwenzangu aliye zahanati alinitumia picha ya mtoto wa wiki tatu, shingo imevimba upande mmoja, na chini yake swali: "Nianze na amoksilini?" Tuliongea kwa simu hadi giza likaingia. Niliyomwambia ndiyo haya, kwa matabibu na wauguzi mnaofanya kazi mbali na daktari wa watoto. Wazazi mkisoma, shikeni hatua ya 1. Mengine mwachieni anayempima mtoto.

Hatua ya 1: Pumzi kwanza

Mvue nguo za juu umtazame. Akitoa mlio anapovuta pumzi, kifua kikibonyea, midomo ikibadilika rangi, akishindwa kunyonya, au akiwa na joto la 38 na zaidi kabla hajafikisha miezi mitatu, ni rufaa leo hii. Anayepumua kwa shida usimlaze chali. Abaki mikononi mwa mama, kwa mkao anaoutaka mwenyewe.

Hatua ya 2: Lini?

Muulize mama aliuona lini mara ya kwanza. Uvimbe aliozaliwa nao mara nyingi ni kasoro ya maumbile, kama mifuko ya maji ya limfu. Uliojitokeza kati ya wiki ya pili na ya nne unanipeleka kwenye uvimbe wa msuli wa shingo. Ulioanza kama doa jekundu ukakua haraka miezi ya mwanzo, fikiria hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu. Wa siku mbili tatu, wenye moto na maumivu, ni mtoki unaotunga usaha.

Uliza pia alitanguliza makalio au alivutwa wakati wa kuzaliwa, na BCG, chanjo ya kifua kikuu, alichomwa upande gani. Mama akisema ni matubwitubwi usimcheke, ila ujue ni nadra sana kabla ya mwaka mmoja, maana kinga ya mama bado inamlinda.

Hatua ya 3: Shika shingo yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakawia. Shingo ya kichanga haionekani, kidevu kimelala kifuani. Subiri amalize kunyonya, pasha mikono yako, kisha mlaze chali mapajani mwa mama, makalio upande wa tumbo la mama, kichwa kikifika magotini. Kunja kanga uiweke chini ya mabega, shingo itafunguka. Mtoto akilia, acha. Msuli uliokaza utakudanganya.

Anza nyuma ya sikio, fuata msuli mnene unaoshuka hadi kwenye mtulinga. Uvimbe wa msuli ni mgumu, mrefu kidogo kama kokwa ya tende, umo ndani ya msuli wenyewe, na ngozi ya juu yake ni ya kawaida. Kichwa kinainamia upande wenye uvimbe, kidevu kinageukia upande wa pili. Ukivikuta vyote hivi, na umri ni wa wiki chache, karibu umepata jibu. Ila usijiamini haraka. Kama uvimbe umetoka nje ya mipaka ya msuli, ngozi imeganda juu yake, au unazidi kukua baada ya miezi mitatu, hilo ni jambo jingine. Tazama na macho: kope iliyolegea na mboni ndogo upande uleule vinaweza kuwa dalili ya neuroblastoma, aina ya saratani ya watoto. Kisha kagua nyonga zote mbili, kwa sababu watoto wa shingo iliyopinda wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na nyonga isiyokaa sawa.

Ukiwa katikati ya shingo, mnyonyeshe uutazame: je, unapanda anapomeza? Ukiwa ukingo wa mbele wa msuli, tafuta kitundu kinachovuja ute. Ukiwa laini na uko nyuma zaidi, mulika. Mimi sipendi tochi ya simu, mwanga wake unatapakaa na kila kitu kinang'aa. Tumia kitochi chembamba, zima taa, kibane kwenye ngozi, na ulinganishe na upande mzima. Uking'aa, kuna maji. Usipong'aa, bado huwezi kuyakataa, maana damu ikivujia ndani huzuia mwanga.

Uvimbe juu ya mtulinga usiupuuze kamwe. Hata ukiwa upande wa BCG, mpime kwanza mwili mzima, ini na bandama vikiwemo.

Hatua ya 4: Altrasaundi

Siti skani si ya kuanzia: ina mionzi, na mara nyingi mtoto lazima alazwe usingizi. Omba altrasaundi yenye probu (kile kifaa kinachogusa ngozi) bapa ya masafa ya juu. Usiandike "uvimbe shingoni" tu, andika swali: uko ndani ya msuli au nje? Una maji? Damu inapita? Kwa uvimbe wa katikati, swali la lazima ni kama tezi ya thairoidi ipo mahali pake. Kuna watoto ambao uvimbe huo ndiyo thairoidi yao pekee; ukikatwa, imekwisha.

Hatua ya 5: Baada ya jibu

Msuli: hakuna kisu, sindano wala antibayotiki. Fiziotherapia, yaani mazoezi ya kunyoosha shingo, ianze mapema, na mama amzungumzishe kutoka upande wenye uvimbe ili ageukie huko. Nyingi hupotea ndani ya mwaka.

Mtoki wa BCG ambao haujatunga usaha, kwa mtoto mwenye afya: uache, usiupasue. Mama akiwa na VVU, mpeleke mtoto kwa daktari.

Hemanjioma iliyotanda eneo la ndevu inaweza kuwa imeingia hadi njia ya hewa. Rufaa, na dawa ya propranololi ianzishwe huko.

Vingine vyote ni vya daktari wa upasuaji wa watoto.

Unayembakiza kwako, pima uvimbe kwa utepe, andika urefu na upana kwenye kadi ya kliniki, mrudishe baada ya wiki mbili. "Umepungua kidogo" si kipimo.