Transfoma ni yako? Dai punguzo lako kwenye bili ya umeme

Kazi yangu ni kukagua bili za umeme za viwanda na maghala. Mara nyingi nakuta transfoma kainunua mwenye biashara, anaitunza kwa fedha zake, ikiungua hasara ni yake, lakini bili inasomeka kana kwamba ni mali ya kampuni ya umeme. Kampuni nyingi zina punguzo kwa mteja wa namna hii, ila hutalipata mpaka uliombe.

Hatua ya 1: Thibitisha umiliki

Transfoma kuwa ndani ya uzio wako si ushahidi. Wala kuchangia gharama za kuvutiwa umeme hakukufanyi mmiliki. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Tafuta risiti ya manunuzi na mkataba wa kuunganishiwa umeme, kisha nenda ukalinganishe namba ya utambulisho kwenye kibati cha transfoma na ile ya kwenye karatasi. Usifungue chochote, kibati husomeka kutoka nje.

Hatua ya 2: Mita iko upande gani?

Kwangu hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Fuata nyaya kwa macho, ukiwa na fundi mwenye leseni. Mita ikiwa kabla ya transfoma, upande wa msongo wa kati (umeme wa volti nyingi unaoingia kwenye transfoma), inahesabu pia umeme unaopotea ndani ya transfoma, kwa hiyo upotevu unaulipia wewe. Ikiwa baada ya transfoma, upotevu hauonekani kwenye mita, na kampuni nyingi huongeza asilimia fulani kwenye bili ili kuufidia.

Hatua ya 3: Soma jedwali la bei

Kuna mapunguzo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni la umiliki, ambalo aghalabu huhesabiwa kwa kila kilowati au kVA (vipimo vya ukubwa wa mzigo wa umeme) ya kilele chako cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko yote uliovuta mwezi huo. Jingine ni la kupimiwa kwenye msongo wa juu zaidi, nalo mara nyingi ni asilimia ya bili. Angalia kama unaruhusiwa kupata yote mawili.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kushangilia

Tuseme transfoma yako ya kVA 500 inapoteza kilowati 0.8 kwenye kiini chake cha chuma, uwe na mzigo au usiwe nao. Kwa saa 8,760 za mwaka, hizo ni uniti 7,008 (kilowati moja kwa saa moja ni uniti moja). Kwenye koili zake za waya inapoteza kilowati 5 ikibeba mzigo kamili. Ukiibebesha nusu, upotevu huo hushuka hadi robo, yaani kilowati 1.25. Ukikaa kwenye nusu mwaka mzima, ni uniti 10,950 nyingine. Jumla 17,958.

Zidisha uniti hizo kwa bei yako, halafu ongeza gharama za kupima mafuta ya transfoma, bima na akiba ya kununulia transfoma nyingine. Upande wa pili weka punguzo la kilowati moja, mara kilele chako, mara miezi 12. Kama bado unafikiria kununua transfoma ili tu upate punguzo, hesabu hii ndiyo itakayokuamulia. Ambaye tayari anayo aombe tu. Gharama hizo anazibeba hata sasa.



Hatua ya 5: Andika barua

Taja namba ya akaunti, namba ya transfoma na kifungu cha bei unachodai. Ambatisha ushahidi wa umiliki na mchoro wa mfumo unaoonyesha mita ilipo. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Usiipangie bajeti fedha ya punguzo ulilokosa miaka iliyopita, ukirudishiwa, shukuru.

Hatua ya 6: Kagua bili inayofuata

Punguzo lionekane kwenye mstari wake. Kisha tazama ile asilimia ya upotevu: kama mita yako iko upande wa msongo wa kati na asilimia hiyo bado ipo, unatozwa mara mbili. Rudi na barua ya pili.