Namna ya kupima ubora na kasoro za gemu ya ngumi inayochezwa kwa macho ya mhusika

Bunduki haijali kama adui yuko hatua sita au saba. Konde linajali sentimita. Na mchezaji anayetakiwa kuzijua sentimita hizo anatazama kioo bapa, haoni miguu yake, hajui mkono wake umenyooka kiasi gani, na aliyeko mgongoni hamwoni kabisa. Karibu kila sifa na kila kasoro ya gemu hizi inaanzia hapo. Anayeanza kuzipima kwa uzuri wa picha, hadithi na wingi wa silaha ataandika mambo ya kweli, ila msomaji hatajua kama ngumi zenyewe zinapigika.

Tayarisha kifaa kwanza. Kama unatumia runinga, iweke katika hali ya mchezo, maana uchakataji wa picha huchelewesha amri za vidole. Kwenye kompyuta, zima V-Sync (mpangilio unaosubirisha picha ziendane na kasi ya kioo) na ukungu wa mwendo. Mtikisiko wa kamera uache kama ulivyokuja, utaupima baadaye. Chagua ugumu wa kati. Ukianza na ugumu wa chini, adui huanguka kabla hajaonyesha anachoweza, nawe utaisifia gemu kwa jambo ambalo hujaliona.

Umbali

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tafuta adui mmoja, au gunia la mazoezi kama lipo, kwenye sakafu yenye alama unazoweza kuzikumbuka: vigae, mbao, ufa. Simama karibu, piga ngumi nyepesi, rudi nyuma kidogo, piga tena, hadi ngumi ipite hewani. Tia alama mahali hapo akilini. Sasa badilisha upana wa mtazamo, yaani nyuzi za dunia ya gemu zinazoonekana kwenye kioo kwa wakati mmoja, na urudie. Watu hudhani upana ni suala la starehe tu, kumbe unageuza kipimo cha macho. Ukitoka nyuzi 90 za mlalo kwenda 110, kitu kilicho katikati ya kioo hubaki asilimia 70 ya ukubwa kilioonekana nao. Ukishuka hadi 70, kitu hichohicho hukua kwa asilimia 43. Adui hajasogea, mkono wako haujarefuka, lakini jicho limeambiwa habari nyingine.

Linaloharibu zaidi ni kwamba gemu nyingi huchora mikono ya mhusika kwa mtazamo wake wa pekee, tofauti na wa dunia inayoizunguka. Unapanua mtazamo, adui anaonekana mbali, ila ngumi yako inabaki kubwa vilevile mbele ya uso. Matokeo yake ngumi inaonekana imegusa taya, na taya halina habari. Ukiona hivyo, usiandike kwamba "mapigo hayaaminiki". Andika ni kwa upana gani yanaanza kudanganya, ili msomaji ajue pa kuuacha. Angalia pia namba hiyo inahesabiwaje: nyuzi 90 kwenye kioo cha 4:3 (upana kwa kimo) ni sawa na nyuzi 106 hivi kwenye kioo cha 16:9 kama mtazamo wa wima haukubadilika, na baadhi ya gemu huandika nyuzi za wima badala ya mlalo.

Waundaji wengi hutibu tatizo hili kwa kukuvuta: ukipiga ukiwa nje kidogo ya umbali, mwili wako unateleza mbele wenyewe. Simama tena nje ya ile alama, piga, kisha tazama sakafu. Mvuto mdogo ni msaada. Mvuto wa hatua nzima unaua ufundi, kwa sababu kurudi nyuma hakukuokoi na kusogea hakukupi kitu. Mvuto ukiwa mkubwa pembeni mwa shimo, utajitupa mwenyewe.

Ishara ya pigo linalokuja

Jicho na kidole vinahitaji takriban robo sekunde kuitikia kitu kilichoonekana. Kwa fremu 60 (picha mojamoja zinazounda mwendo) kwa sekunde hizo ni fremu 15, kila moja ikiwa milisekunde 16.7. Kwa fremu 30 ni 7 au 8 tu. Pima hivi:

1. Rekodi kioo kwa fremu 60 kwa sekunde, ukimwacha adui akupige bila wewe kukinga.
2. Fungua rekodi kwenye programu inayosogeza fremu moja moja.
3. Hesabu kuanzia fremu ya kwanza bega au nyonga inapojongea hadi fremu unayoumia.
4. Fanya hivyo kwa kila aina ya pigo, mara tano kila moja, kwa maadui watatu tofauti.

Chini ya fremu 15 ni wachache wanaoitikia. Wengine hubahatisha au hukariri. Hilo si kosa moja kwa moja: ngumi nyepesi ya fremu 12 ni halali ikiwa haiumizi sana, au ikiwa inafuata pigo lililokwisha kukuonya. Kosa ni pigo zito la fremu 12 linalokuangusha.

Kisha tazama ishara hiyo inatokea sehemu gani ya picha. Ngumi ya kuzungusha huanzia kiwikoni, na mkiwa kifua kwa kifua kiwiko cha adui kiko nje ya kioo. Gemu iliyofikiriwa vizuri humfanya adui ainamishe kichwa au atoe mguno kabla ya pigo la namna hiyo. Cheza pambano moja mara tano bila sauti na mara tano ukiwa nayo. Ukipigwa kwa tofauti kubwa, sauti ndiyo inayobeba ishara, na mtu asiyesikia vizuri anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Uzito

Konde linalotua bila uzito ni sawa na kupunga nzi. Sehemu ya uzito huo ni kuganda: picha inasimama kidogo pigo linapofika. Fremu 3 hadi 6 zinatosha. Zikizidi 10 mfululizo wa mapigo unaanza kukwama kama gari bovu. Lakini usidanganyike na kuganda na kelele za mifupa. Piga ngumi ya kushoto, kisha ya kulia, kisha ya chini kwenda juu, na utazame kichwa cha adui peke yake. Kikielekea upande uleule kila mara, gemu ina jibu moja kwa maswali yote, na baada ya saa mbili mkono utalijua hata kama akili haijaligundua. Jaribu pia kumpiga katikati ya pigo lake. Pigo lake likivunjika, umepewa mchezo wa kusoma na kuwahi. Lisipovunjika hata kwa konde zito, umepewa mchezo wa kungoja zamu.

Wengi dhidi ya mmoja

Kwa mtazamo wa nyuzi 90, nyuzi 270 ziko gizani. Watatu wakikuzunguka, gemu lazima iamue: ikuonee au ijifanye haikuoni. Jipangie maadui watatu, kinga, geuka uwape mgongo, hesabu sekunde thelathini. Wakikushukia wote, tafuta njia ya kujua: mshale wa hatari pembeni, hatua zinazosikika kushoto au kulia. Wakisimama wakikutazama kisogo, wamepangwa foleni. Foleni si dhambi, ila ikionekana waziwazi inageuza genge la wauaji kuwa abiria wanaosubiri basi.

Kama gemu inafunga shabaha kwa adui mmoja, yaani kamera inamng'ang'ania yeye, jaribu mambo mawili tu: inachukua muda gani kuhama kwa mwingine, na huyo wa kwanza akianguka kamera inakwenda wapi. Kamera inayobaki imemkodolea macho maiti wakati mwenzake anakupiga kisogoni ni kasoro ya kuandikwa aya ya kwanza.

Silaha na pumzi havihitaji muda mrefu. Condemned: Criminal Origins ya 2005 ilipanga silaha zake kwa nguvu, kasi, ukingaji na urefu, ukashika moja tu kwa wakati mmoja. Ukiikuta gemu ambayo bomba na ubao vinatofautiana kwa sura pekee, sema hivyo. Dark Messiah ya 2006 ilifanya teke kuwa silaha kubwa kuliko upanga kwa sababu kuta zilikuwa na miiba. Huenda ndiyo sababu watu wanaikumbuka kwa teke. Pumzi ipime kwa kuhesabu makonde hadi ikatike, na kuangalia kama kipimo chake kinaonekana bila kuondoa jicho kwa adui.

Kichefuchefu nacho kipimwe, hata kama wewe hakikushiki. Cheza dakika 40 bila kupumzika, kisha zima mtikisiko wa kamera uone kama inaruhusiwa. Nukta ndogo katikati ya kioo husaidia wengi, na Mirror's Edge ya 2008 iliiweka kwa ajili hiyo.

Mfano: Zeno Clash

Gemu hii ya ACE Team ya Santiago, Chile, ilitoka 2009 kwa injini ya Source (programu ya msingi ya kuundia gemu), na ni ya kufundishia kwa kuwa sifa na kasoro zake zinagusana. Ngumi ndizo msingi, na bunduki ziko kama kionjo: ukipigwa ukiwa umeshika moja, inakuponyoka. Kwa kanuni hiyo moja umbali unabaki kuwa na maana, kwa sababu aliyekukaribia ameshakunyang'anya faida yako. Matunda yaliyotawanyika uwanjani hurudisha afya, kwa hiyo unapiga huku ukijua tunda liko wapi. Hiyo ni akili nzuri ya kuutumia uwanja. Viumbe na majengo yake havifanani na vya gemu nyingine yoyote, ingawa hilo mtu huliona kwa picha tano bila kuhitaji mchambuzi.

Udhaifu wake ni ufungaji wa shabaha. Mmoja kwa mmoja unakwenda vizuri. Wakiwa watatu unashindana na kamera kuliko na maadui, na mapambano ya katikati ya gemu yanapata ugumu wake hapo badala ya kwenye ustadi wa wapinzani. Hadithi huisha kwa saa chache, ingawa kuna minara ya changamoto kwa anayetaka zaidi. Toleo la pili la 2013 liliongeza eneo la kuzurura na kucheza wawili pamoja. Ukilipima, rudia jaribio la watu watatu mara mbili, ukiwa peke yako na ukiwa na mwenzako, kwa kuwa mwenzako anazifunika zile nyuzi 270 na kukuficha kasoro.

Unapoandika, taja ugumu, kifaa, upana wa mtazamo na saa ulizocheza, na usichanganye alama za kipanya na za padi. Kipanya hugeuka nusu duara kwa mkunjo wa kiganja. Padi ina kasi ya mwisho. Weka kasi ya kugeuka hadi juu kabisa, zungusha nyuzi 180, pima kwa saa ya simu. Ikizidi sekunde moja na hakuna kitufe cha kugeuka nyuma papo hapo, punguza alama za mapambano ya wengi kwa toleo la padi peke yake.