Jongoo Ndani ya Kaharabu: Jinsi ya Kumtambua Hatua kwa Hatua

Ukipata jongoo aliyenaswa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa mti wa kale uliogeuka kuwa kisukuku, usianze kwa kutafuta jina la spishi. Anza na miguu yake. Ihesabu, kisha uihesabu tena. Naandika haya baada ya kukaa na mpwa wangu juu ya kipande cha sandarusi, utomvu mchanga kuliko kaharabu, chenye kijijongoo kisichozidi punje ya mchele. Nimeona vijana wengi hapa Mombasa wanaopenda mambo haya hukwama palepale alipokwama yeye: wanapiga picha kwa simu, wanailinganisha na picha za mtandaoni, na muda si muda mdudu ameshapewa jina la Kilatini. Jina hilo halina maana yoyote kama hujui pingili ya saba ya mwili wake iko wapi.

Tafuta hadubini ya macho mawili inayokuza mara 10 hadi 40, taa mbili ndogo za shingo ya kupinda, bakuli dogo la kioo, kibanio, msasa wa maji, karatasi na penseli. Lenzi za kubana kwenye simu ziache. Zinakuza, ndiyo, lakini hazikupi kina, na bila kina hutajua mguu upi uko mbele na upi uko nyuma.

Hatua ya 1: Jua amenaswa ndani ya nini

Katika tasbihi na mikufu inayouzwa Mji wa Kale kama kaharabu, utakuta vitu vitatu: kaharabu yenyewe, sandarusi, na plastiki. Koroga chumvi kwenye maji mpaka ikatae kuyeyuka, kisha tumbukiza kipande. Kaharabu na sandarusi vitaelea. Kioo na plastiki nyingi ngumu vitazama. Ili kutenga sandarusi na kaharabu, weka tone moja la asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwenye kona iliyo mbali na mdudu. Baada ya sekunde chache gusa kwa kidole. Sandarusi itanata, kaharabu haitanata. Wako wanaochoma kwa sindano ya moto wapate harufu. Mimi sikubali kabisa: tundu lile halizibiki, na nyufa zake huweza kumfikia mdudu.

Jambo hili ni la msingi kwa sababu linakupa umri. Kaharabu ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, ni ya enzi ya Eosini, miaka milioni 34 hadi 48 iliyopita. Ile ya Bonde la Hukawng, kaskazini mwa Myanmar, ina miaka milioni 99 hivi, wakati wa dinosauri. Sandarusi yetu hutoka kwa msandarusi, Hymenaea verrucosa, mti wa pwani hii hii ya Afrika Mashariki na Madagaska. Katika karne ya 19 ilichimbwa ardhini kwa wingi ikasafirishwa kupitia Unguja kwenda Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Ni changa mno ukiilinganisha na kaharabu. Mwaka 2020 wataalamu walipendekeza kwamba utomvu wa kuanzia miaka milioni 2.58 iliyopita hadi mwaka 1760 ndio uhesabiwe sandarusi, na wa baada ya 1760 upewe jina lake mbali, kwa kuwa unaonyesha misitu ambayo binadamu ameshaanza kuiharibu sana.

Kwa hiyo jongoo wa ndani ya sandarusi yetu si wa kulinganishwa kwanza na wa Baltiki. Mlinganishe na majongoo hai wa misitu ya Shimba Hills na Arabuko-Sokoke, maana huenda ni wa spishi ambayo bado inatambaa huko mvua za masika zikinyesha. Thamani yake haipungui kwa hilo. Ni shahidi wa msitu ambao sehemu kubwa yake imeshakatwa.

Hatua ya 2: Hakikisha ni jongoo

Pingili nyingi za jongoo zina jozi mbili za miguu. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili. Akiwa mkubwa kama majongoo weusi wa shambani, amenyooka vizuri, miguu yote imepangwa, na hakuna hata kiputo cha hewa wala vumbi la kuni pembeni yake, basi mtu amemmwagia plastiki. Wengi walionaswa kweli ni wa milimita chache tu.

Hatua ya 3: Mfanye aonekane

Uso wa kaharabu uliopinda unapotosha macho, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka hewani kuingia ndani ya kipande. Wengi hukimbilia kusugua. Mimi nasema anza na shira. Pika sukari vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji, kama shira ya kaimati lakini bila iliki, iache ipoe kabisa, kisha zamisha kipande ndani ya bakuli la kioo. Shira nzito hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia cha kaharabu, kwa hiyo ule uso uliopinda ni kama umetoweka, na miguu inajitokeza. Ukimaliza suuza kwa maji baridi na ukaushe, la sivyo sisimizi watakutangulia asubuhi.

Mtu atakwambia utumie mafuta ya karafuu kwa kuwa yanapinda mwanga karibu sawasawa na kaharabu. Ni kweli, na ndiyo maana yanavutia. Lakini mafuta yenye kunukia hulainisha utomvu, na sandarusi itaanza kunata na kupoteza mng'ao. Usiyatumie. Spiriti nayo usiisogeze.

Shira ikishindwa, sugua dirisha: uso mmoja bapa, sambamba na ubavu wa jongoo. Tumia msasa wa maji namba 600, halafu 1000, halafu 2000, kisha kitambaa cha pamba na unga wa kung'arishia wa sonara. Simama ukiwa umebakisha angalau milimita moja kumfikia mdudu. Fanya kwa mkono, kwa maji, bila mashine, kwani mashine hutoa joto na joto hutia nyufa. Wakati wa kaskazi sandarusi hulainika na kuushika msasa hata kwa mkono, kwa hiyo fanya kazi alfajiri.

Hatua ya 4: Tafuta pingili ya saba

Hapa ndipo siku nzima huweza kuisha, na hapa ndipo utambuzi wote ulipo.

Jongoo dume wa oda nyingi, yaani makundi makubwa ya majongoo, hana miguu ya kawaida kwenye pingili ya saba. Miguu ya hapo imegeuka kuwa gonopodi, vyombo vya kupandishia, na umbo lake ndilo linalotenga spishi na spishi. Usipoiona, spishi huipati, isipokuwa mara chache mno. Sasa utaipataje pingili ya saba kwa mnyama aliyejikunja, nusu yake imefunikwa na viputo?

Usihesabu migongo, hesabu miguu. Pingili ya kwanza, ile kola iliyo nyuma ya kichwa, haina miguu. Ya pili, ya tatu na ya nne zina jozi moja moja. Kuanzia ya tano ni jozi mbili mbili. Kwa hiyo jozi ya 1 hadi ya 3 ni za pingili ya 2 hadi ya 4. Jozi ya 4 na ya 5 ni za pingili ya tano. Ya 6 na ya 7 ni za pingili ya sita. Ya 8 na ya 9 ndizo za pingili ya saba. Mgongoni kola mara nyingi huifunika pingili ya pili, na ukihesabu kwa juu utakosea kwa moja bila kujua. Chini, kwenye mashina ya miguu, hakuna kinachofunikwa.

Kwa hiyo kigeuze kipande mpaka uone mashina ya miguu, weka taa moja chini na nyingine ubavuni, na uchore kila jozi kwa penseli unapoiona. Nasisitiza uchore. Picha hukuruhusu kupita juu ya kitu bila kukiona, lakini mkono unaochora hauwezi kuchora mguu ambao jicho halijauona.

Sasa tahadhari zake. Kwanza, pengo si lazima liwe mguu uliokatika. Katika majongoo wa mviringo wa oda za Spirobolida na Spirostreptida, gonopodi huvutwa ndani ya mwili, na kwa nje utaona jozi saba za miguu, halafu nafasi tupu, halafu miguu inaendelea. Nafasi hiyo ndiyo dume lako. Kwa jongoo bapa wa Polydesmida jozi ya 8 tu ndiyo iliyogeuka, ya 9 ni miguu ya kutembelea. Kwa Siphonophorida na Polyzoniida zimegeuka jozi ya 9 na ya 10, tena bado zinafanana na miguu, kwa hiyo angalia unene na ncha. Majongoo wanaojiviringa kama mpira hawana kitu pingili ya saba; wao tazama jozi za mwisho kabisa, kule nyuma. Na wale wadogo wenye mashungi ya nywele, Polyxenida, hawana gonopodi kabisa.

Pili, ukungu mweupe. Kaharabu ya Baltiki mara nyingi hufunika upande mmoja wa mdudu kwa kitu kama maziwa. Hausuguliki, kwa kuwa umeshikamana na mwili wenyewe. Hamia upande wa pili.

Tatu, na hili ndilo lililotushika mimi na mpwa wangu: umri wa mnyama. Jongoo hutoka yaini akiwa na jozi tatu tu za miguu, na kila akijibandua gamba huongeza pingili. Polydesmida huanza na pingili 7, kisha 9, 12, 15, 17, 18, 19, na wengi hufikia 20 wakiwa wazima, ukihesabu kola na kipande cha mwisho. Chetu kilikuwa na 15, na pingili chache za nyuma, karibu na mkia, hazikuwa na miguu kabisa. Mpwa wangu alidhani imekatika. Lakini mguu uliokatika huacha shina, na hapa palikuwa laini tupu. Pingili tupu za nyuma ni dalili ya mtoto anayekua, na mtoto hana gonopodi zilizokamilika. "Kwa hiyo mjomba, hana jina?" akaniuliza. Jina analo: Polydesmida, mtoto. Hapo ndipo ushahidi wake unapoishia, na hapo ndipo tulipoweka kalamu chini.

Hatua ya 5: Weka oda

Leo ziko oda 16 za majongoo hai, na karibu zote zimeshaonekana katika kaharabu ya Myanmar, kwa hiyo usidhani mnyama wa kale lazima awe wa ajabu. Tazama kichwa kwanza. Hana macho, ubavuni pingili zimetokeza kama mbawa: Polydesmida. Kichwa kimechongoka kama mdomo wa ndege na hakuna macho: Siphonophorida. Kichwa cha pembetatu chenye vijicho vichache: Polyzoniida. Jicho moja au mawili makubwa kila upande: Stemmiulida. Mstari unaogawa uso katikati, mwili mviringo: Spirobolida. Vinyweleo vitatu kila upande wa kila pingili: Chordeumatida. Mashungi ya nywele mwilini na mkiani: Polyxenida, na kwa huyu huna haja ya hadubini kali.

Dalili moja haitoshi. Nataka mbili zinazokubaliana, na ya pili isiwe ya kichwani.

Mwaka 2019 Pavel Stoev na wenzake walieleza Burmanopetalum inexpectatum wa Myanmar, jike la milimita 8.2. Alikuwa peke yake wa oda ya Callipodida kati ya mamia ya majongoo waliochunguzwa, na walimpiga eksirei za mikro-CT, zinazopiga picha kutoka pande zote, wakamjenga upya kwa kompyuta hadi wakaona maumbo yaliyowalazimu kumwanzishia oda ndogo mpya. Hiyo ndiyo kazi inayohitajika kwa jike, asiye na gonopodi. Kama huna mashine hiyo, baki kwenye oda.

Hatua ya 6: Kumbukumbu na sheria

Usinunue kaharabu ya Myanmar ya siku hizi. Machimbo yako jimbo la Kachin penye vita, na mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliyaomba majarida yasitishe kuchapisha utafiti wa vipande vilivyopatikana huko tangu 2017. Nakubaliana nao moja kwa moja. Kazi ya kujifunzia iko tele kwenye sandarusi ya hapa.

Ukiokota kisukuku mwenyewe hapa Kenya, kiko chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Peleka taarifa kwa Makumbusho ya Taifa, ambao wako Fort Jesus, na usikitoe nje ya nchi bila kibali. Ukiamini una spishi mpya, lazima mfano wenyewe uhifadhiwe kwenye taasisi ambako wengine wataweza kuuchunguza. Kubaki kwenye droo yako hakutoshi.

Andika lebo kwa penseli, kwa sababu wino hufifia kwa unyevu wa Pwani: mahali kilipopatikana, aina ya utomvu na jinsi ulivyoipima, idadi ya pingili, jozi za miguu ulizoziona kwa macho na zile ulizokisia, dume au jike au mtoto, kisha oda. Funga kipande kwenye mfuko mdogo usiopitisha hewa, ndani ya kopo, mahali pasipofikiwa na jua.