Chuo kikuu na mazingira: anzeni kwenye mita, jikoni na kitaluni

Chuo chenye wanafunzi elfu kadhaa ni mji mdogo. Kinapika, kinawasha taa usiku kucha, kinavuta maji, kinatupa taka, na mara nyingi kinamiliki ardhi kubwa isiyojengwa. Kabla ya kuitisha kongamano la mabadiliko ya tabianchi, kijikague chenyewe.

Mwongozo huu ni wa kamati za mazingira, klabu za wanafunzi na ofisi za milki, na mifano yake mingi ni ya Tanzania. Yuko adui mmoja mtakayekutana naye kila hatua: kalenda ya masomo. Wanafunzi huondoka Julai au Agosti na kurudi Oktoba au Novemba, yaani kiangazi chote hawapo. Mradi uliopangwa bila kuitazama likizo hufia likizoni.

Pimeni kwanza

Ombeni uhasibu bili za umeme, stakabadhi za dizeli ya jenereta na magari, na hati za mzabuni wa kuni, mkaa au gesi. Chukueni miezi 12 kamili, maana miezi 3 ya muhula haifanani hata kidogo na miezi 3 ya likizo. Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kabonidayoksaidi, lita ya petroli kilo 2.3, na kilo 1 ya gesi ya mitungi hukaribia kilo 3. Kwa umeme tumieni kiwango cha kabonidayoksaidi kwa kila uniti ya gridi ya nchi yenu. Gridi ya Kenya hutegemea sana jotoardhi, maji na upepo. Ya Tanzania ni maji na gesi asilia. Kikokotoo kilichotengenezwa Ulaya kitawapa jibu lisilowahusu.

Kuni ndizo huvuruga hesabu, kwa sababu hununuliwa kwa lori na hakuna anayezipima. Kwa wiki moja wekeni mizani mlangoni mwa jiko, mpime kila mzigo unaoingia motoni na kila kilo ya unga, mchele na maharage inayopikwa. Kilo za kuni kwa kila kilo ya chakula ndicho kipimo mtakachorudia mwaka ujao.

Vyuo vingi vina mita moja kubwa. Fungeni mita ndogo kwenye mabweni, maabara, maktaba na pampu, kisha zisomwe saa 6 usiku na saa 11 alfajiri. Uniti zinazotumika katikati ya saa hizo ndizo za kufuatilia kwanza. Mara nyingi mtakuta viyoyozi vya ofisi tupu, friji kuukuu za maabara, au pampu inayojaza tangi ambalo boya lake limekwama, maji yanamwagika usiku kucha na umeme unakwenda nayo. Boya ni bei ndogo kuliko semina yoyote ya kubana matumizi.

Taa ni hesabu rahisi. Mkibadili tyubu 400 za zamani kwa LED na kila moja ikapunguza wati 20, kwa saa 10 kwa siku na siku 250 kwa mwaka mmeokoa uniti 20,000. Baada ya hapo ndipo mfikirie paneli za jua. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilianza kutumia mfumo wa kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Kilowati 1 ya paneli huhitaji meta za mraba 5 au 6, na sehemu nyingi za ukanda wetu hutoa zaidi ya uniti 1,300 kwa mwaka. Kosa la kawaida ni kununua mfumo unaotosha siku ya mitihani. Likizoni jua ndilo linawaka zaidi, watumiaji hawapo, na kama hamruhusiwi kuuza kwenye gridi umeme huo unapotea. Pimeni mzigo wa mchana wa mwezi wa Agosti, mjenge kwa huo kwanza. Paa likaguliwe na mhandisi kabla ya paneli kupanda, na bajeti iwe na fungu la kuosha vumbi.

Jikoni

Tanzania suala hili si la hiari. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Mkaa ndio mbaya kuliko yote: kwa tanuri la asili, kilo 1 hula kilo 6 hadi 10 za mti.

Mkihamia gesi, mitungi ikae nje ya jiko, kwenye banda la wavu lenye kufuli, bomba likiingia ndani kupitia vali ya kufungia inayofikika haraka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni. Kwa hiyo matundu ya hewa yawe chini ya ukuta, si juu pekee kama mafundi wengi walivyozoea, na pasiwe na mtaro wa maji machafu karibu na mitungi, maana gesi hujikusanya humo.

Sababu kubwa ya majiko ya gesi kuachwa ni ugali. Moto wa gesi hugonga katikati ya sufuria, kitako chembamba kinaunguza, na sufuria isiyoshikiliwa inazunguka na mwiko. Nunueni masufuria ya kitako kinene pamoja na majiko yenye vishikio, na wapishi waje kuyajaribu kabla mkataba haujasainiwa. Mpishi aliyeletewa jiko asiloliona kabla ataziwasha kuni siku mgeni rasmi akishaondoka, na atakuwa na haki.

Wakati mnasubiri fedha, maharage yalowekwe saa 8 hadi 12, mfuniko ukae juu ya sufuria, na kuni zipasuliwe na kukaushwa chini ya paa miezi kadhaa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake, na moshi ndio ushahidi.

Mabaki ya chakula yapimwe kwa wiki moja kabla ya kuzungumzia baiogesi, yaani gesi inayotokana na mabaki yanayooza ndani ya mtambo. Tuseme ni kilo 50 kwa siku. Mkichanganya na lita 50 za maji, mtambo unapokea lita 100 kila siku, na ili mchanganyiko ukae siku 40 mnahitaji meta za ujazo 4, mbali na nafasi ya gesi. Mtapata kama meta za ujazo 5 za gesi kwa siku, sawa na kilo 2 na kitu za gesi ya mtungi. Hiyo huchemsha chai na uji. Anayewaambia italisha bweni zima anauza mtambo.

Mtambo uanze na samadi ya ng'ombe tupu. Subirini wiki 2 hadi 4 mpaka gesi iwake vizuri, ndipo mabaki yaanze kuingia kidogo kidogo. Ukishindiliwa wali na ugali mapema unachacha: harufu inakuwa kali ya siki, moto unafifia, kisha gesi inatoka lakini haishiki. Acheni kulisha kwa wiki moja, ongezeni samadi, mrudi polepole. Maji ya sabuni na dawa za kusafishia yasiingie kabisa, huua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Na likizo? Mtambo utakaa na njaa miezi mitatu. Kubalianeni mapema na mfugaji wa jirani, alete samadi Julai hadi Oktoba na achukue tope linalotoka kama mbolea.

Kitalu na miti

Hapa ndipo fedha nyingi huzikwa. Miche 2,000 hupandwa siku moja kwa picha, na kufikia Oktoba yamebaki mashimo. Idadi ya miche iamuliwe na maji ya Septemba. Mche mmoja ukipewa lita 10 mara mbili kwa wiki, miche 500 inataka lita 10,000 kila wiki, yaani boza zima. Kama hamna boza hilo kiangazi, msipande 500.

Mbegu chukueni kwenye chanzo kinachojulikana: Tanzania kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), Kenya kwa taasisi ya utafiti wa misitu (KEFRI). Mbegu za migunga zina ganda gumu. Mwagieni maji yaliyochemka na kuepuliwa, ziachwe humo mpaka kesho. Za mwarobaini hazihitaji hilo, lakini hufa upesi, zipandwe ndani ya wiki mbili tatu tangu kuchumwa. Udongo wa viriba (mifuko ya kuoteshea miche) uwe sehemu 3 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza na 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Viriba vitobolewe chini, vikae chini ya kivuli cha nusu jua, na kila wiki 4 hadi 6 vinyanyuliwe ili kukata mizizi iliyozama ardhini. Kitalu kisichonyanyuliwa hutoa miche mizuri machoni ambayo hunyauka siku ya kung'olewa.

Miche mingi huhitaji miezi 4 hadi 6, ya asili kama mpingo huweza kuhitaji zaidi. Anayetaka kupanda mwanzo wa masika, mwezi Machi, aanze kitalu Septemba. Wanafunzi hawapo, kwa hiyo mwajirini mtunza kitalu, walau kibarua. Dodoma, yenye msimu mmoja, upandaji ni Desemba hadi katikati ya Januari. Mche wa Machi pale utapata mvua ya mwezi mmoja tu.

Wiki 4 kabla ya kupanda, punguzeni maji na kivuli ili miche ikomae. Shimo liwe sentimeta 45 kila upande, sehemu kavu 60, udongo wa juu ukiwekwa kando na kurudishwa kwanza pamoja na nusu debe ya samadi. Subirini mvua ilowanishe ardhi sentimeta 30. Kiriba kivuliwe chote. Mkikagua upandaji wa sherehe, fukueni miche 10 mtaona viriba vingapi vimezikwa nayo. Tengenezeni kisahani cha kukinga maji, tandazeni nyasi zisizogusa shina. Penye mchwa wengi, nyasi kavu huwaita, heri mawe madogo. Mikaratusi isikaribie chemchemi wala kisima.

Hesabuni miche iliyo hai baada ya miezi 3, 12 na 24. Namba ya miezi 24 ndiyo iandikwe kwenye ripoti ya chuo.

Maji ya kumwagilia yako juu ya paa. Milimita 1 ya mvua kwenye meta 1 ya mraba ni lita 1. Paa la meta za mraba 1,000, mvua ya milimita 800, mkitoa asilimia 20 ya upotevu, ni lita 640,000 kwa mwaka. Tangi ndilo ghali, si mifereji. Maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege yaachwe yapite.

Utafiti unaobaki

Chuo Kikuu cha Sokoine kinatumia misitu yake ya Mazumbai, Usambara, na Olmotonyi, Arusha, kufundishia. Chuo kisicho na msitu kinaweza kutenga kipande cha ardhi yake. Wekeni maeneo ya duara yenye nusu kipenyo cha meta 15, kati kati pakiwa na nguzo ya zege na viwianishi vyake vikiandikwa. Kila mti upimwe mzingo meta 1.3 kutoka ardhini, upakwe mstari wa rangi mahali pale pale futi ilipopita. Wanafunzi hukaa miaka 3 au 4, kwa hiyo daftari na faili lake vikae maktaba, si kwenye laputopu ya mwenyekiti wa klabu. Rangi irudiwe kila baada ya miaka 2: anayepima sentimeta 20 juu ya mstari wa zamani anaweza kuandika kwamba mti umepungua.