Kumvua krapi kwa kijiko kidogo: hatua kwa hatua

Krapi, samaki wa maziwa na mito ya Marekani, ana macho yaliyokaa juu ya kichwa na mdomo unaofunguka kuelekea juu. Anakula kwa kupanda, hashuki kufuata chakula. Ukilishika hilo, umeshika nusu ya kazi yote: kijiko chako, yaani chambo bandia cha chuma kinachong'aa, kipite juu yake, na kipite polepole.

Ninaandika hasa kwa ndugu zetu walioko Kentucky na Tennessee. Kutoka Louisville hadi Kentucky Lake ni mwendo wa saa tatu na ushee kwa gari, na ziwa hilo lina krapi weupe na weusi. Kata leseni ya jimbo kabla hujatupa mshipi. Kentucky inamtaka kila mvuvi kuanzia miaka 16 awe nayo, isipokuwa wachache waliosamehewa kisheria. Soma pia idadi unayoruhusiwa kwa siku na urefu wa chini wa samaki kwa ziwa unalokwenda, maana hutofautiana.

1. Chagua kijiko. Pakiti za Marekani huandikwa kwa aunsi. Anza na 1/16, yaani gramu 1.8 hivi. Upepo ukiwa mkali au maji marefu, panda hadi 1/8. Kwa blugili, samaki mwingine wa maji hayo mwenye kinywa kidogo sana, shuka hadi 1/32. Maji yakiwa maangavu ninatumia rangi ya fedha. Yakiwa na tope, dhahabu.

2. Badili ndoana. Vijiko vingi huja na ndoana ya meno matatu, nayo hunasa kwenye kila tawi. Weka ndoana moja ya waya mwembamba, namba 8. Ikinasa kwenye mti, vuta taratibu bila kukatiza: waya ukinyooka, kijiko kitarudi, nawe utaikunja tena kwa koleo.

3. Funga mshipi. Mshipi wa ratili 4 unatosha. Usikaze fundo kwenye kijiko chenyewe. Kifunge kwenye pete yake ili kicheze. Sentimita 40 juu yake weka kiungo kinachozunguka, la sivyo mshipi wote utajisokota.

4. Watafute. Krapi hupenda miti iliyozama, nguzo za gati na mirundo ya matawi ambayo wavuvi na maofisa wa wanyamapori huizamisha makusudi. Majira ya kuchipua, maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi, husogea ufukoni kutaga.

5. Hesabu kina. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Tupa, acha kijiko kizame, na uhesabu hadi mshipi ulegee kwa kugusa chini. Tuseme umefika kumi. Mara ya pili anza kuvuta ukifika nane, kisha sita, kisha nne. Samaki wa kwanza akiuma, kumbuka hesabu hiyo na uirudie, kwa kuwa krapi hukaa kundi zima kwenye kina kimoja.

6. Inua, kisha acha kianguke. Inua ncha ya fimbo kiasi cha shubiri moja, kisha ishushe ukifuata mshipi. Kijiko huanguka kikipepea kama dagaa anayekufa, na mara nyingi krapi hukichukua wakati huo huo. Hutasikia mshtuko. Tazama mshipi pale unapoingia majini: ukisimama kabla ya wakati wake, au ukisogea kando hata kidogo, ameshakichukua. Wakigoma, pachika buu mmoja kwenye ndoana na upunguze mwendo zaidi.

7. Mwinue, usimkwanyue. Ngozi ya mdomo wake ni nyembamba kama karatasi. Ukivuta kwa nguvu inachanika. Inua fimbo kwa utulivu, legeza breki ya rili (gurudumu la kukunjia mshipi), na umpokee kwa wavu badala ya kumning'iniza.

8. Amua mapema nani anarudi. Wa maji mafupi mloweshee mkono kabla ya kumshika, kisha mwachie. Waliotoka kina cha zaidi ya mita 9 ni jambo jingine: mara nyingi kibofu chao cha hewa hufura wakipandishwa, na wengi hufa hata ukiwarudisha. Hao hesabu kuwa ni wa kupika. Idadi yako ya siku ikitimia hapo, usiendelee kuvua.