Kupiga jeki gari nyumbani bila kuponda ukingo wake wa chini

Gari dogo kama Toyota Vitz, IST au Passo halina chesisi ya vyuma viwili kama Land Cruiser au Canter. Bodi lenyewe ndilo linalobeba kila kitu, na sehemu za bodi zinazostahimili kuinuliwa ni chache. Chungulia chini ya mlango. Utaona ukingo mwembamba wa bati unaoning'inia kutoka mbele hadi nyuma, pale mabati ya ndani na ya nje yalipochomelewa pamoja. Nyuma kidogo ya gurudumu la mbele ukingo huo una vipengo viwili vidogo, na mbele ya gurudumu la nyuma kuna vingine viwili. Kati ya kipengo na kipengo ndipo mahali pa jeki, kwa kuwa kiwanda kimepaimarisha kwa ndani. Sogea pembeni na bati linakunjika, hata kwa gari lenye uzito wa tani moja tu. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani si neno. Tafuta mchoro wenye mishale chini ya bodi.

Kabla ya kuleta jeki, safisha sehemu hizo nne kwa brashi na uzibonyeze kwa bisibisi. Bati zima hulia kwa ukavu. Bati lililooza hubonyea, au hutoa magamba ya kutu. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na yaliyotoka mikoa ya theluji yamepita miaka mingi kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Kwa juu yanang'aa, kwa chini yameliwa. Hewa ya bahari ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja huendeleza kazi hiyo. Bisibisi ikizama, usipige jeki hapo hata kwa pancha ya dharura. Bati litaingia ndani na gari litashuka ghafla.

Gia ya P haitoshi

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Hendibreki ya magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu. Gia ya P nayo hufunga gia boksi, haifungi kila gurudumu peke yake. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ukishainua gurudumu moja la mbele, la upande wa pili linaweza kubingirika huku lililo hewani likizunguka kinyume, maana difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, inaruhusu. Wakati huo kinachozuia gari ni hendibreki peke yake. Ukiinua nyuma yote, hendibreki imeshika magurudumu yaliyo hewani, na kilichobaki ni P. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Mark II au Hiace, ni hatari zaidi: P na hendibreki vyote viko nyuma, kwa hiyo ukiinua nyuma hakuna kinachoshika chochote.

Dawa ni kabari. Weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu litakalobaki chini, mwisho wa gari ulio mbali na jeki. Mbao ya 2 kwa 4 iliyokatwa mshazari inafaa. Jiwe la mviringo huteleza. Weka hendibreki na P, au gia namba moja kama ni manyuo (gari la gia za mkono). Zima injini na utoe ufunguo. Kwa gari la haibridi kama Aqua, hakikisha taa ya READY imezimika, kwa sababu injini yake inaweza kujiwasha yenyewe. Abiria wote washuke, watoto wakae mbali, na mizigo itolewe kwenye buti.

Sakafu

Zege kavu, tambarare, ndiyo sakafu bora. Kwenye mchanga, udongo, au matofali ya peva yaliyolegea, tandika mbao ngumu ya mninga yenye unene wa inchi 2, au marini bodi mbili za milimita 18 zilizogongwa pamoja, pana angalau sentimita 30 kila upande. Kama ua una mteremko unaouona kwa macho, hamisha gari.

Jeki ya magurudumu, ile ya gereji, ina sharti jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mkono wake hupanda kwa kuchora tao, kwa hiyo kichwa hakiendi juu moja kwa moja, husogea kuelekea kwako. Lazima jeki yenyewe ijiviringishe ili kufidia. Kokoto moja mbele ya gurudumu lake, au mbao fupi isiyo na nafasi ya kutembea, inatosha kuifanya jeki ivute gari upande, na kichwa kikaponyoka kwenye ukingo. Fagia kwanza. Kama unatumia mbao, iwe ndefu kuliko jeki yenyewe.

Jeki ipi, na ishike wapi

Jeki ya mkasi inayokuja na gari ina mfereji juu ya kichwa, na ukingo hukaa ndani yake. Kazi yake ni kubadilisha tairi, basi. Ipake grisi kwenye skrubu mara moja kwa mwaka.

Jeki ya chupa imetengenezwa kwa ekseli na chesisi. Kichwa chake ni kidogo mno kwa ukingo wa bati: huteleza au hutoboa. Iache kwa Land Cruiser na malori.

Jeki ya magurudumu ya tani 2 inatosha kwa gari dogo, lakini kichwa chake ni bapa, na kikibana ukingo moja kwa moja huupinda na kupasua rangi. Weka kati yao kipande cha mpira mgumu chenye mfereji. Wauzaji wa vifaa wanavyo. Ukitengeneza mwenyewe, tumia mbao ngumu ya sentimita 10 kwa 10, unene sentimita 5. Pima kwa rula ukingo umening'inia kiasi gani kutoka juu hadi chini, kisha chonga mfereji wenye kina kinachozidi hapo kwa milimita 3 hadi 5, ili uzito ukae kwenye bati pana la pande zote mbili, na si kwenye ncha ya ukingo. Kata mfereji ukikatiza nyuzi za mbao. Ukifuata nyuzi, kipande kitapasuka katikati ya kazi. Kitabu cha gari kikielekeza vingine, fuata kitabu. Gari lenye sketi za plastiki linahitaji jicho zaidi, kwa sababu kipande kinene kidogo tu huigusa sketi na kuivunja.

Usiinue kamwe kwa sampo ya oili, gia boksi, ekzosi, wala mabomba ya mafuta na breki.

Kuinua

Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Pandisha jeki mpaka iguse, simama, tazama. Kichwa kiko katikati ya vipengo? Ukingo umeingia mfereji wote? Kitako cha jeki kimelala vizuri? Inua sentimita 3, tazama tena. Jeki ikianza kuegemea upande, shusha na uanze upya; usiisukume kwa mguu irudi. Inua kadiri kazi inavyotaka na usizidishe. Kwa tairi, nafasi ya vidole vitatu kutoka ardhini inatosha, pamoja na nyongeza kidogo kwa tairi jipya lenye upepo.

Jeki huinua, haishikilii. Sili ya haidroliki huvuja bila kutoa taarifa. Kama mwili wako utaingia chini hata kwa mkono na bega, gari likae juu ya stendi, yaani miguu ya chuma ya kushikilia gari lililoinuliwa. Soma kibandiko chake: mara nyingi tani zilizoandikwa ni za stendi mbili kwa pamoja. Tofali la saruji lisikaribie kazi hii. Hubeba vizuri mpaka linapopasuka, na hupasuka mara moja, bila kuinama kwanza.

Tatizo ni kwamba jeki imekwisha kuchukua mahali pa stendi. Kwa mbele, inua kwa krosmemba ya katikati (chuma kinachokatiza chini ya gari kutoka upande hadi upande) iliyoonyeshwa kwenye kitabu, kisha weka stendi mbili chini ya sehemu za ukingo, kila moja na kipande chake chenye mfereji. Kwa nyuma usibuni. Gari moja huruhusu katikati ya ekseli, jingine haliruhusu. Hakikisha meno ya stendi yameshika kabisa, shusha taratibu, halafu sukuma gari kwa nguvu ukiwa umesimama pembeni. Likitikisika juu ya stendi, bora ulijue sasa. Acha jeki ikigusa kidogo kama akiba, na laza gurudumu ulilotoa chini ya bodi.

Kushusha, na kutunza ukingo

Fungua vali ya jeki kidogo kidogo. Gari likishakaa chini, kaza nati kwa kuvukavuka, si kwa kuzunguka. Magari madogo ya Toyota hukazwa kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa soketi ya milimita 21. Kusimama juu ya spana huvuta stadi, yaani boliti zinazoshika nati, mpaka zinakatika. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kisha rudi kwenye ukingo. Mkwaruzo mdogo wa leo ndio unaofungulia maji njia, na kutu ya hapa huanzia kati ya mabati mawili ambako huioni. Ukingo uliopinda unyooshe kwa koleo yenye mdomo mpana, taratibu. Nyundo huachanisha sehemu zilizochomelewa. Kwangua rangi iliyopasuka, piga msasa namba 80 kisha 120 mpaka bati ling'ae, pangusa kwa thina, pakaa praima ya kuzuia kutu mara mbili ukiacha kila tabaka likauke, kisha rangi, na mwisho ule mpako mweusi wa mpira wa chini ya gari. Fanya hivyo siku ya jua, ukingo ukiwa mkavu kabisa, kwani mpako juu ya unyevu hufungia kutu ndani.

Matundu madogo yaliyo upande wa chini wa boksi la bati lililo chini ya mlango yasizibwe na mpako wala tope. Maji ya mvua hutokea hapo. Yazibue kwa waya laini kila baada ya masika, na ukipata nta ya kupuliza ndani ya bodi, pulizia kupitia matundu hayohayo. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka chini, huharibu mpira wa bushi na ikifika kwenye breki huzifanya ziteleze.