SOMO: Kufunga koilova kwenye Impreza GDA/GDB bila kuua bushi wala kula tairi

Wakuu, swali la jinsi ya kufunga koilova (shokapu na springi za kurekebisha kimo) kwenye Impreza WRX (GDA) na STI (GDB) linaulizwa kila wiki, nami naandika majibu yale yale. Leo nayaweka yote mahali pamoja. Ukiuliza kilichomo humu, nitakwambia urudi juu usome.

Vifaa: jeki, stendi nne, soketi za 12, 14, 17 na 19, mkono mrefu wa soketi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), mafuta ya kulegeza kutu, rangi ya kuwekea alama. Bolti zipulizie mafuta usiku wa kuamkia kazi.

1. Legeza nati za tairi gari likiwa chini, inua, weka stendi, toa tairi.

2. Tia alama ya rangi kwenye bolti ya juu ya nako (chuma kinachobeba haba ya tairi) ya mbele. Ndiyo inayorekebisha kemba, yaani mlalo wa tairi.

3. Fungua bolti ya 12 inayoshika hosi ya breki, na kishikizo cha waya wa ABS.

4. Tegemeza nako kwa jeki, kisha toa bolti mbili za 19. Nako ikiangukia nje, jointi ya ndani ya shafti inachomoka na hosi ya breki inabeba uzito wote.

5. Toa nati tatu ndogo za juu, mwenzako akiwa ameshika shokapu. Nati kubwa ya katikati USIIGUSE. Hiyo ndiyo imeizuia springi iliyobanwa, ikiachia inaumiza vibaya. Nyuma kwenye sedani, anza kwa kutoa kiti.

6. Kimo. Koilova zenye mguu wa chini unaozunguka hushushwa kwa mguu huo, si kwa pete ya springi. Ukilegeza pete ili gari lishuke, tairi likining'inia springi inacheza na kutoka kwenye kikalio chake. Kaza pete mpaka springi isicheze kwa mkono, ongeza milimita 2 au 3 (au fuata karatasi ya kiwanda), basi. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, si kutoka ardhini. Milimita 25 hadi 30 chini ya kimo cha awali zinatosha kwa barabara zetu na matuta yake.

7. Funga mpya. Bolti za nako mbele 175 Nm, nyuma karibu 200. Nati ndogo za juu mbele ni 20 tu, msizikate kwa nguvu za bure.

8. Bushi, yaani maungio ya mpira kwenye ncha za mikono ya saspensheni. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na fundi wengi wanaparuka kabisa. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki, unajisokota tu. Kimo kikishabadilika, bushi ambazo bado zimekazwa kwa kimo cha zamani, au ulizozikaza mikono ikining'inia hewani, zinabaki zimesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa. Dalili: gari linakaa juu kuliko ulivyopima, linagonga kikavu kwenye mashimo, na baada ya miezi michache mpira unachanika. Kwa hiyo legeza bolti za ndani za mikono ya chini ya mbele, na bolti za mikono ya nyuma pande zote mbili. Rudisha tairi, shusha gari juu ya mbao nene ili upate nafasi ya kuingia chini, lisukume mbele na nyuma, libonyeze mara kadhaa, NDIPO ukaze.

Tahadhari mbili. Bolti ndefu ya mikono ya nyuma hupenda kushikwa na kutu ndani ya bushi. Ikigoma usiipige nyundo kwenye thredi, rudisha nati kwanza ndipo upige. Na bolti ya nyuma inayorekebisha too (tairi kuelekea ndani au nje) itie alama kabla ya kuigusa.

9. Endesha kilomita kama 100, rudia toki, kisha nenda alaimenti, yaani kupima pembe za tairi. Kwa matumizi ya kila siku: kemba mbele digrii -1.5, nyuma -1 hadi -1.5, too mbele sifuri, nyuma sifuri au ndani kidogo sana. Elekeza taa upya.

MASWALI

chuma_cha_2004: Mkuu, kwani nikikata springi za zamani si inashuka vilevile?

Mtoa somo: Inashuka. Springi haikai tena kwenye kikalio, na shokapu ni ile ile ndefu ya kiwandani. Usikate.

Gia_ya_Tatu: Fundi wangu ana miaka 20 kazini, anakaza bushi gari likiwa juu ya jeki na hajawahi kulalamikiwa.

Mtoa somo: Wateja wake wananunua bushi mara ngapi? Hatua ya 8 imeeleza sababu. Sababu haijali miaka ya mtu.

bintiboksa: Samahani, sijaelewa kitu. Nimeshusha kama milimita 50, springi ni ngumu kuliko za mwanzo, mbona gari linalala zaidi kwenye kona?

Mtoa somo: Swali zuri sana, dada. Bodi hulala kwa kuzunguka nukta fulani, na nukta hiyo inategemea mteremko wa mkono wa chini. Kwa kawaida ncha ya upande wa tairi iko chini kuliko ya upande wa bodi. Ukishusha sana, mkono unalala sawa au unapanda kuelekea tairi, na nukta inashuka kuliko bodi ilivyoshuka. Uzito unapata mkono mrefu zaidi wa kuiinamisha gari, ugumu wa springi unaliwa hapo. Chungulia chini gari likiwa limesimama: mkono ukipanda kuelekea tairi, inua. Kama lazima libaki chini, kuna boljointi (maungio ya mkono wa chini na nako) zenye shingo ndefu, ila zibadilishe pamoja na tairodi endi (ncha za vyuma vya usukani) za aina hiyo, la sivyo usukani utajivuta kila ukipita tuta.

bintiboksa: Nimechungulia, unapanda kweli. Narudisha hadi 30. Asante sana.

Mtoa somo: Ukirudisha, legeza bushi tena. Na alaimenti upya.

Gia_ya_Tatu: Nje ya mada kidogo. Nimefunga blow off (valvu inayoachia hewa ya tabo ukiachia mafuta) ya kutoa hewa nje, nikibadilisha gia gari linakohoa na moshi mweusi.

Mtoa somo: Sensa ya hewa iko kabla ya tabo. Hewa unayoimwaga imeshahesabiwa na kompyuta imeshaitolea petroli. Rudisha ile ya kiwandani inayorejesha hewa kwenye mfumo.

chuma_cha_2004: Na daunpaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye tabo) bila kutuni, yaani bila kurekebisha kompyuta ya injini? Mtaani wanasema haina shida.

Mtoa somo: Ina shida. Tabo inapumua kirahisi, busti (mgandamizo wa hewa ya tabo) inapanda kupita ramani ya kompyuta. STI za soko la Japani zimetuniwa kwa petroli ya oktani 100, ambayo kwenye vituo vyetu huipati. Ukiongeza busti juu ya hapo unakaribisha noki (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda), na noki ndiyo inayovunja pistoni kati ya ringi, hasa kwenye EJ257, injini ya lita 2.5 ya STI za nje ya Japani. Funga daunpaipu siku ile ile unayotuni, na umwambie anayetuni akuonyeshe kompyuta inarudisha taiming nyuma kwa digrii ngapi ukikanyaga gia ya tatu na ya nne. Asiyekuonyesha rekodi hiyo, usimlipe.

mwana_wa_kona: Nyongeza kabla hamjanunua daunpaipu: kagua droplinki za stabilaiza (vijiti vinavyoiunganisha na saspensheni) kwanza. Kelele nyingi za "koilova mbovu" ni hizo.

Mtoa somo: Kweli kabisa. Na thredi za koilova zioshe kwa maji na brashi kila baada ya mvua, uzipake grisi nyepesi. Tope likikauka humo, pete haizunguki tena mpaka uikate.